Ndege imetoka karakana na kasoro mpya: dalili, sababu, na wakati wa kusema hairuki

Ndege ikirudi kazini baada ya matengenezo halafu ikaonyesha kasoro ambayo haikuwa nayo kabla, usikimbilie kulaumu umri wake wala kiwanda kilichoiunda. Anza na kazi iliyofanyika. Fungua daftari la ufundi, tazama ukurasa wa mwisho uliotiwa saini, kisha uliza: kilifunguliwa nini, kilitolewa nini, na nani alikirudisha? Mara nyingi jibu limo humo humo. Mara nyingine limo katika lile ambalo ukurasa haukulitaja.

Hapa kwetu Zanzibar kuna mshukiwa wa pili, nao ni chumvi. Ndege ndogo zinazokwenda na kurudi baina ya Kisauni (uwanja wa Unguja), Wawi (uwanja wa Pemba) na Dar es Salaam, hasa Cessna 208 Caravan yenye injini moja, hushinda zikiruka chini juu ya bahari na kulala nje kwenye upepo wa kusi. Kwa hiyo kila dalili hapa chini ina maswali mawili ya mwanzo: nani aligusa, na chumvi imefika wapi.

Haya nimeyaandika kwa fundi mwanafunzi, msaidizi wa rampu, yaani maegesho ya ndege, na rubani kijana. Yanaonyesha pa kutazama. Hayampi mtu ruhusa ya kufungua kitu. Vipimo vyote, iwe nguvu ya kukaza nati au kikomo cha joto, vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji kilichosasishwa, si kichwani mwa mtu.

Kisahani cha kasi hakiamki, au kinasema uongo

Ndege inakimbia njiani na mshale umelala. Au imepaa vizuri, kisha kasi inazidi kupanda huku pua iko juu na injini haijaongezwa nguvu.

Sababu ya kwanza ni kifuniko chekundu kilichosahauliwa kwenye mrija wa pito, ule unaopokea upepo wa mbele ili kasi ipimwe. Inaonekana kwa macho, lakini hutokea. Ya pili ni wadudu. Nyigu wa udongo anapenda tundu dogo lenye kivuli, na mrija wa pito usiofunikwa kwake ni nyumba tayari. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini na watu wote 189 wakafa. Kisahani cha kasi cha rubani mkuu kilikuwa kinadanganya kwa sababu mrija wake umeziba. Ndege ilikuwa imekaa siku nyingi bila vifuniko, na mshukiwa mkubwa wa wachunguzi alikuwa nyigu huyo huyo.

Ya tatu ni tepu. Mwaka ule ule, tarehe 2 Oktoba, Boeing 757 nyingine, ya Aeroperú, iliruka usiku kutoka Lima na tundu zake za statiki, zile za ubavuni zinazopima kanieneo ya hewa ya nje, zikiwa zimezibwa kwa tepu iliyobandikwa wakati wa kuisafisha. Tepu ilikuwa na rangi ya fedha kama bodi yenyewe, wala hakuna aliyeiona. Watu 70 walikufa. Mimi naona ajali hii inatuhusu sisi kuliko ile ya nyigu, kwa sababu visiwani tunaosha ndege kila mara ili kutoa chumvi. Anayeosha ndege lazima azibe tundu hizo, na lazima azizibue. Atumie kizibo chenye rangi ya kupiga kelele na utepe mrefu unaoning'inia, na akiandike kwenye daftari kukiweka na kukitoa, kila kimoja na saini yake.

Ya nne, iliyo nadra zaidi, ni neli za ndani: zilifunguliwa ili kubadilisha kisahani na hazikurudishwa sawa, au maji ya masika yameingia na kutuama.

Namna ya kubagua ni hii. Mrija wa pito ukiziba kabisa, kisahani cha kasi huanza kufuata kimo: ukipanda kinapanda, ukishuka kinashuka. Tundu za statiki zikiziba, ni kipimo cha kimo kinachoganda, na kile cha kupanda na kushuka kinakaa kwenye sifuri hata ukiwa unapaa.

Zunguka ndege kwa miguu, gusa kila tundu kwa kidole, tazama ndani kwa tochi. Ukikuta uchafu, simama hapo. Usipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, maana upepo huo unakwenda moja kwa moja kwenye visahani na kuviharibu. Fundi mwenye leseni atatenganisha neli, atasafisha, kisha atapima uvujaji kwa mashine yake. Na wewe rubani, kisahani kisipoamka mapema katika mbio za kuruka, katisha palepale. Hilo halina mjadala hewani.

Usukani mzito, mfupi, au unakwenda kinyume

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ndege inaweza kuificha kwa siku kadhaa.

Kama usukani umekuwa mzito tu, sababu ya kawaida ni ukavu au kutu kwenye kapi na bawaba, kisha kebo iliyovutwa kupita kiasi. Ukikwama mahali pamoja, fikiria kitu kilichosahauliwa ndani: bisibisi, kitambaa, tochi, hata kikopo cha grisi. Ukiwa mwepesi lakini hauendi hadi mwisho wake, kebo zimepimwa vibaya. Nadra zaidi, na mbaya kuliko yote, ni kebo zilizopishanishwa.

Tarehe 8 Januari 2003 ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D, safari namba 5481 ya Air Midwest, ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Charlotte, Marekani. Waliokufa ni 21. Siku mbili nyuma fundi alikuwa amerekebisha vikazio vya kebo za elevita, yaani ule ubao wa mkia unaoinua na kushusha pua. Aliruka baadhi ya hatua za kitabu, na elevita ikabaki na mwendo mdogo wa kushusha pua. Angalia hapa: ndege ile iliruka mara kadhaa baada ya kazi hiyo bila balaa. Siku ilipopakiwa uzito mwingi nyuma ndipo rubani aliposukuma usukani na mkia usimpe alichokihitaji. Kwa hiyo anayekwambia "mbona jana iliruka vizuri" hajakujibu kitu.

Kisa cha pili hakikuua mtu, na ndiyo maana hakitajwi sana. Tarehe 11 Novemba 2018 ndege ya Embraer 190 ya Air Astana ilitoka kwenye matengenezo makubwa pale Alverca, Ureno, ikiwa na watu sita. Kebo za eleroni, zile mbao za kwenye mabawa zinazolaza ndege kulia na kushoto, zilikuwa zimefungwa kinyume. Ndege ilibiringika ovyo hewani hata marubani wakafikiria kuitua majini, kabla hawajaielewa na kuishusha Beja. Usukani ulikuwa mwepesi na ulifika mwisho pande zote mbili. Kosa lilikuwa uelekeo.

Ndiyo maana ukaguzi wa usukani una mambo matatu: ulaini, ukomo na uelekeo. Uelekeo una hila rahisi: shika usukani kwa gumba lililosimama juu, ugeuze kushoto. Gumba linaelekea kushoto, na eleroni ya kushoto ndiyo inayopaswa kuwa juu. Geuza kulia, vivyo hivyo. Vuta usukani kifuani, ukingo wa nyuma wa elevita uinuke. Mtu mmoja awe ndani, mwingine awe nje na aseme kwa sauti anachokiona, asiulizwe "sawa?" kwa sababu ataitikia "sawa".

Kazi yoyote kwenye mfumo wa kuongoza ndege inakaguliwa na watu wawili, na wa pili asiwe yule aliyeshika spana. Kama saini ya pili haipo, au zote mbili ni za mwandiko mmoja, ndege haijamaliza matengenezo. Usijaribu "kulegeza kidogo". Hapa hakuna marekebisho ya rampu.

Injini ina joto zaidi kwa nguvu ile ile

Rubani anaweka nguvu aliyoizoea, joto la turbini linasoma juu kuliko wiki iliyopita. Au joto likifika kikomo, nguvu bado haijatosha.

Kwa ndege zetu zenye injini ya PT6A, sababu ya kwanza ni kompresa chafu. Chumvi huganda kwenye blade zake, hewa inayoshindiliwa inapungua, na injini inachoma mafuta zaidi kupata kazi ile ile. Dawa yake ni kuosha. Mtengenezaji hutaka injini inayoishi kwenye chumvi ioshwe mara kwa mara, na kwa ndege inayoshinda chini juu ya bahari hilo huweza kumaanisha kila siku. Injini iwe imepoa kama kitabu kinavyotaka, na maji yawe safi yasiyo na madini. Maji ya kisima cha Unguja yamepita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu. Ukiyatumia unatoa chumvi na kuacha chokaa.

Ya pili ni kipimo chenyewe: waya umelegea au plagi imeshika kutu. Linganisha na mafuta yanayotumika na mizunguko ya kompresa. Kama joto peke yake ndilo limeruka na vingine vimetulia, shuku kipimo kwanza.

Ya tatu ni hewa inayovuja baada ya kazi. Katika PT6A kidhibiti cha mafuta huongozwa na hewa inayotoka kwenye kompresa kupitia neli nyembamba. Neli hiyo ikiachwa bila kukazwa vizuri au ikipasuka, injini inaweza kushuka yenyewe hadi nguvu ya kusimama tu, ikiwa angani. Caravan ina mkono maalumu wa dharura wa kumwaga mafuta moja kwa moja kwa ajili ya siku kama hiyo, lakini ukiwa katikati ya mkondo wa Pemba na injini yako ni moja, si mkono unaotaka kuujaribu. Baada ya kuosha au kubadilisha kichujio chochote cha hewa, fuata kila neli kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ya nne ni sehemu ya moto yenyewe: chumvi na salfa ya mafuta vinakula blade za turbini. Hapa fundi ataingiza kamera. Simamisha ndege kama kikomo cha joto kilipitwa hata kwa sekunde chache, hasa wakati wa kuwasha. Andika joto lililofika na muda lililokaa. Usiseme "lilipanda kidogo likashuka". Hiyo kidogo ndiyo inayoamua kama injini inafunguliwa.

Oili inapungua, au taa ya chembe za chuma imewaka

Tazama kwanza kifuniko cha kujazia oili, kwa sababu huguswa kila siku na hufungwa na mtu mwenye haraka. Kisha tazama alama za oili kwenye bodi chini ya injini, kisha kila kitu kilichofunguliwa mara ya mwisho.

Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Airlines yenye injini tatu iliruka kutoka Miami, na injini zote tatu zikaanza kupoteza oili. Usiku uliopita mafundi walikuwa wamerudisha sumaku za kunasa chembe bila pete za mpira za kuzuia uvujaji, kwenye injini zote tatu. Injini moja iliwashwa tena kwa shida na ndege ikarudi salama. Tangu hapo mashirika mengi yanakataza fundi mmoja kufanya kazi ile ile kwenye injini zote za ndege moja kwa siku moja. Na kwenye Caravan, ambayo haina injini ya akiba, mwenzako ndiye akiba: aangalie pete kabla hujafunga.

Taa ya chembe ikiwaka, usiifute chembe kwa kitambaa ukawasha tena. Ihifadhi. Ukubwa na umbo lake ndivyo vinavyomwambia fundi kama ni vumbi la kawaida au beringi inayokufa. Ndege ikae chini hadi aseme.

Breki laini

Mara nyingi ni hewa kwenye mfumo baada ya kubadilisha pedi, au uvujaji mdogo. Tafuta umajimaji mwekundu ndani ya gurudumu. Nadra ni umajimaji usio wake, ambao huvimbisha mipira ya ndani. Kamwe usiongezee mafuta ya breki ya gari. Kupampu kanyagio mpaka ikaze ni njia ya kufika maegesho, si njia ya kuanza safari.

Maji kwenye mafuta

Chuja kila asubuhi kabla ndege haijasogezwa, na tena baada ya kujaza. Ukiendelea kupata maji baada ya kuchuja mara kadhaa, au ukaona utando mweusi wa kuteleza, tatizo liko ndani ya tangi au kwenye chanzo cha mafuta. Mwite fundi, na ndege nyingine zilizojazwa pale zijulishwe.

Rangi imevimba, ribiti zinatoa machozi meusi

Hapa chumvi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Malengelenge ya rangi maana yake alumini chini yake inaoza. Mstari mweusi unaotoka kwenye ribiti kufuata upepo ni chuma kinachosugua chuma: ribiti imelegea.

Sababu kwa mpangilio: maji ya bahari yasiyooshwa, tundu za kutolea maji zilizozibwa na uchafu au rangi mpya, skrubu isiyo ya aina yake, inayogombana na alumini palipo unyevu, na mwisho, ufa wa uchovu wa chuma. Usiangalie panapong'aa tu. Inua mazulia, tazama reli za viti, chini ya mlango wa mizigo ambako ndoo za samaki na magunia ya karafuu hupita, na kisanduku cha betri.

Anayedhani hili ni la urembo asome kilichotokea Hawaii, visiwa kama vyetu, safari fupi fupi kama zetu. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa kwenye futi 24,000 kati ya Hilo na Honolulu ilipong'oka sehemu kubwa ya paa la mbele. Mhudumu mmoja alitupwa nje akafa, rubani aliitua. Ndege hiyo ilikuwa imeruka mara 89,680, na kila mara bodi ilijazwa hewa na kupunguzwa, katika unyevu wenye chumvi. Gundi ya maungio ilikwisha kuachia, nyufa zikapita kutoka ribiti hadi ribiti, na ukaguzi haukuzikamata. Abiria mmoja aliuona ufa karibu na mlango alipokuwa akipanda. Hakumwambia mtu.

Caravan haijazwi hewa, kwa hiyo paa lake halitang'oka kwa namna hiyo, lakini mashina ya mabawa yake ni chuma kile kile na chumvi ile ile. Usikwangue lengelenge "kuona limefika wapi", wala usilifunike kwa rangi. Lizungushie alama, lipige picha, mwite mwenye leseni. Mficha uchi hazai.

Kila kitu kina saini, lakini mkono unakataa

Dalili hii haimo kwenye kitabu chochote cha mtengenezaji. Bisibisi moja haipo kwenye sanduku. Skrubu zimebaki kwenye kibakuli na paneli zote zimefungwa. Mwenzako wa zamu ya usiku ameondoka na hajakwambia alipoishia.

Sababu ya kwanza ni makabidhiano mabovu. Tarehe 11 Septemba 1991 ndege ya Continental Express ilivunjika hewani Texas na kuua watu 14, kwa sababu skrubu 47 za ukingo wa mkia zilitolewa na zamu moja na zamu iliyofuata haikujua. Ya pili ni kukisia badala ya kusoma. Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kilichomoka angani na rubani mkuu akavutwa nje hadi kiunoni. Wenzake walimshikilia miguu mpaka ikatua Southampton, na alipona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa na zamu ya usiku, saa 27 kabla ya safari hiyo. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa chini ya milimita moja, kwa sababu zilichaguliwa kwa kulinganishwa na za zamani kwa macho.

Ya tatu ni uchovu na shinikizo. Mkanada Gordon Dupont aliviorodhesha mwaka 1993 pamoja na vyanzo vingine vya makosa ya mafundi, 12 kwa jumla, lakini sisi hatuhitaji orodha kuvijua. Boti imezuiwa na upepo, abiria wa Chake wamejaa kaunta, kuna mgonjwa wa hospitali ya Mnazi Mmoja kati yao, na mkubwa anapiga simu ya tatu. Au ni Ramadhani, umefunga, na kazi imesogezwa usiku kwa kuwa ndege inahitajika alfajiri. Kazi yenye vipimo vya kukaza ifanywe na aliyelala. Kama hayupo, isubiri.

Kifaa kikipotea, ndege haiondoki hadi kionekane au paneli zote zilizokuwa wazi zifunguliwe tena. Hili halina kiasi cha kati.

Na ujue unamwambia nani. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar inashughulika na viwanja. Leseni za mafundi na uzima wa ndege ni za TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kuwa usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Taarifa ya kosa lako mwenyewe inapelekwa kwanza kwa mhandisi wako mwenye leseni, papo hapo, kwa maandishi.

Ikiwa ndege imelala Wawi na kasoro umeigundua wewe, ukiwa na sanduku dogo la vifaa tu, andika kasoro kwenye daftari kwa maneno ya kawaida, funga usukani, weka kibandiko chekundu juu yake, weka ufunguo mfukoni, kisha ndipo upige simu Unguja. Mambo ya abiria yataelezwa na watu wa kaunta. Wewe kwenye simu hiyo taja dalili, kazi ya mwisho iliyofanyika na tarehe yake, na kifaa unachotaka kije na ndege ya asubuhi.